Irabu

Kazi yangu ni vidole. Miaka ishirini na miwili
naandika yasemwayo mahakamani Bristol,
na lisilosemwa lina alama yake: (kimya).
Sina ruhusa ya kukohoa.
Shahidi akilia, naandika, "Shahidi anaomba maji."

Jumanne ile jaji alituhamishia wodini, ghorofa ya sita,
kando ya dirisha lisilofunguka.
Tukavua makoti yaliyolowa: mawakili wanne,
daktari bingwa wa kutoka London, mama, dada,
na mimi, mashine yangu juu ya meza ya mgonjwa,
pembeni kikombe cha jeli kilichobandikwa jina.

Idwal Probert. Miaka arobaini na mmoja,
mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa.
Kichomi ndicho kilichomvusha mto
kutoka Wales hadi hapa, na usiku wa tatu
mtu akatia karatasi ya zambarau kwenye faili:
Moyo ukisimama, asihuishwe.
Sababu: ulemavu. Neno moja, nukta.
Pale pa "mgonjwa ameulizwa" palikuwa peupe.

Eleri, dada, ndiye aliyeshtaki.
Mair, mama, alikaa upande wa hospitali.
Msimhukumu upesi. Ndiye aliyemgeuza kitandani
kila saa mbili, usiku, miaka yote hiyo,
hata mabega yake yakachukua umbo la mzigo.
Alisema, nami nikaandika:
"Nimechoka kumwona akizama na kuibuka,
akizama na kuibuka. Mwacheni."
Eleri akasema: "Mama, uchovu ni wako. Pumzi ni zake."
Hilo nalo nikaliandika.
Mashine haina kitufe cha kusita.

Jaji akainama, mwanamke mrefu mwenye sauti ya maktaba:
"Bwana Probert, moyo wako ukisimama, ungependa tujaribu?"
Bingwa akainua ubao wa herufi. Macho yakaanza safari.
Dakika ya nne: P.
Dakika ya saba: W.
Nje ambulensi ikaja ikilia, ikanyamaza.
Dakika ya kumi na moja: Y.
Kisha akafumba macho, kama mtu aliyetua gunia.

"P, W, Y," alisema bingwa. "Hakuna irabu.
Pasipo irabu hapana neno, pasipo neno hapana nia.
Ni macho tu yanatangatanga."
Eleri akapiga ukelele. Wakili akasimama:
dada ni mdaawa, hawezi kuwa mkalimani.
Mama akatazama viatu vyake.
Alijua. Naapa alijua.

Mimi nilizaliwa Llanelli.
Bibi alinifunza kusoma kwa kidole
kwenye ukungu wa dirisha la jikoni:
kwetu w ni irabu, y ni irabu,
lugha nzima hupumulia herufi
ambazo wengine huziona miiba.

Jaji akauliza kama yupo chumbani
asiye na upande, ajuaye Kiwelshi.
Mkono uliopanda ulikuwa wangu.
Kisha ukashuka, ukaniandika mwenyewe,
mara ya kwanza tangu niajiriwe:
KARANI: Ni neno, Mheshimiwa. Maana yake "nani".

Basi wakaligombania swali
kama walivyougombania mwili.
Nani aliandika karatasi? Nani anauliza?
Nani atanigeuza mama akifa?
Kila wakili na "nani" wake, mpaka chai ikapoa.

Karatasi ilitolewa failini siku ileile.
Hukumu yenyewe ilikuja Machi, kurasa tisini,
na sitaisimulia hapa; ipo, isomwe.
Ninachokumbuka ni kwamba tulipokuwa tukivaa makoti
mama alisogea, akampangusa mwanawe mate kidevuni,
akainama sikioni, akamjibu
kwa lugha yao, herufi mbili: Fi.
Mimi.

Wakili akageuka. "Amesema nini?"
Jaji hakuniuliza.
Nikaandika: (kimya).